Ukoo wa Venegas, Kutoka Luque hata Generalife

Mhispania hubeba majina mawili ya ukoo, la baba likitangulia na la mama likifuata, na aghalabu majina hayo, ukiyachungua, hayana siri kubwa: Rodríguez ni mwana wa Rodrigo, Fernández ni mwana wa Fernando, na aitwaye Medina au Toledo ni mtu ambaye wazee wake walitoka katika mji wa jina hilo. Venegas nalo, kwa asili yake, ni la namna hiyo hiyo. Lakini taarikhi yake haikufuata njia iliyonyoka, maana katika muda wa miaka mia na kitu jina hili lilichukuliwa na mabwana wa Kikristo wa ngome ya mpakani, likaandikwa kwa herufi za Kiarabu katika diwani ya masultani wa Granada, kisha likarudi kanisani pamoja na wenyewe, likiwa limefungamana na jina la mji ule ule waliokuwa wakiutumikia. Koo nyingi zilizokuwa na nguvu na sharafu katika zama zile zimekwisha kusahauliwa. Huu umedumu, na rai yangu ni kwamba umedumu kwa sababu watu wake, kila dola ilipokaribia kuanguka, walikuwa wamekwisha kufahamiana na dola iliyokuwa njiani ikija.

Mwana wa Egas: karne ya 12

Egas lilikuwa jina la kawaida la kiume katika nchi za kaskazini ya Ureno, na mtu aliyelitukuza ni Egas Moniz, mlezi wa Afonso Henriques, kijana ambaye baadaye alikuwa mfalme wa kwanza wa Ureno. Inasimuliwa kwamba Alfonso VII wa León alipouzingira mji wa Guimarães mwaka 1127, Egas Moniz alijitoa kuwa dhamana ya kwamba kijana wake atatii, na mfalme akayaondoa majeshi yake. Na kijana alipoivunja ahadi ile, mlezi alifunga safari hata Toledo pamoja na mkewe na watoto wake, wote miguu mitupu na kamba shingoni, akajisalimisha ili roho zao ziwe malipo ya neno lililovunjwa, naye mfalme, kwa kustaajabia uaminifu huo, akamsamehe. Wanahistoria wanayo mashaka yao juu ya kisa hiki, lakini wachongaji wa kale hawakuwa nayo: kaburi lake katika monasteri ya Paço de Sousa limechongwa safari ile, na katika kituo cha gari la moshi cha São Bento, mjini Porto, msafiri anayengoja saa yake huweza kuitazama aila ile ile ikiwa imechorwa ukutani kwa vigae vya rangi ya samawati.

Wana wa Egas waliitwa Viegas, na mmoja wao, Lourenço Viegas, alikuwa shujaa wa upanga aliyetajwa sana. Huko Castilla jina likatamkwa Venegas, na wakati mwingine likaandikwa Benegas, kwa kuwa ulimi wa Mhispania hautofautishi herufi mbili hizo. Hapo ndipo ilipozuka dhana ya kwamba silabi ya kwanza ni ile "bin" ya Waarabu, na kwa hivyo ukoo huu ulikuwa wa Kiislamu tangu awali. Dhana yenye kupendeza, walakini isiyo na nguvu, maana Viegas lilikwisha kuwapo katika milima ya Ureno, mbali na Granada, kabla hata ufalme wa Granada haujaasisiwa. Wajuzi wa nasaba wa Córdoba walipenda kuwaunganisha Venegas wa mji wao na yule Egas wa kamba shingoni, na kama kiungo hicho ni cha damu au cha matamanio, ukoo wenyewe ulikishika kwa mikono miwili.

Ngome ya mpakani: 1236 hata 1400

Mwaka 1236 Fernando III wa Castilla aliuteka mji wa Córdoba, na mwaka 1248 akauteka Sevilla. Katika Andalusia yote ya Waislamu hatimaye ikabaki milki moja tu, ile ya Granada, ambayo Muhammad ibn al-Ahmar, mwanzilishi wa dola ya Banu Nasr, aliiokoa kwa kukubali mwaka 1246 kuwa chini ya mfalme wa Castilla na kumlipa kodi. Tangu siku hizo mpaka uliokata milimani kati ya Córdoba, Jaén na Granada ulikaa muda wa karne mbili na nusu, na juu ya mpaka huo, pahali penye jabali lililosimama wima na mashamba ya mizeituni chini yake, pana mji wa Luque. Katika karne ya 14 mfalme Enrique II aliwapa Venegas wa Córdoba mji huu wawe mabwana wake, na ngome yake, ambayo misingi yake iliwekwa na Waislamu, ingali ikiitwa kwa jina lao.

Msomaji asidhani kwamba watu wa mpaka ule walipigana kila siku. Zilikuwapo suluhu za miaka, na katika suluhu hizo palikuwa na kadhi maalumu wa kuhukumu baina ya Waislamu na Wakristo, na wajumbe walioitwa alfaqueque, ambao kazi yao ilikuwa kuvuka na kurudi wakikomboa mateka kwa fedha. Palikuwa pia na wafuatiliaji wa nyayo, na utaratibu wao ulikuwa wa ajabu: ng'ombe wakiibwa au mtu akitekwa, wafuatiliaji wa upande mmoja walizifuata alama za miguu mpaka zilipoingia ardhi ya wenzao, na hapo waliwakabidhi wafuatiliaji wa upande wa pili, ambao walilazimika kuzipokea na kuendelea nazo, au, wakikataa, kubeba jukumu la uhalifu wenyewe. Hata hivyo ilitosha suluhu moja kuisha muda wake, na wapanda farasi wakashuka alfajiri, wakachoma nafaka na kuchukua watu.

Mtoto aliyetekwa: 1431 na 1432

Katika mashambulio ya namna hiyo mtoto wa nyumba ya Luque, jina lake Pedro Venegas, alitekwa na wapanda farasi wa Granada. Kwa riwaya ya Castilla alikuwa na umri wa miaka minane. Fidia haikulipwa, au haikukubaliwa. Mtoto alilelewa katika nyumba ya wakubwa wa Granada, akasilimu, akaitwa Ridwan, na lile jina la babaye likaingia katika Kiarabu kwa matamshi ya Bannigash. Watu wa Córdoba walimpa lakabu ya *el Tornadizo*, yaani aliyegeuka, lakabu ambayo ndani yake mna lawama. Nami sioni mtoto wa miaka minane alaumiwe kwa lipi.

Ridwan alikua, akapata heshima, akamwoa Maryam, binti wa nyumba ya kifalme, na kwa ndoa hiyo akawa karibu na Yusuf ibn al-Mawl, mtu wa nyumba ya kifalme aliyeudai ufalme. Granada ya wakati huo ilikuwa imechoshwa na fitina. Muhammad IX, aliyeitwa al-Aysar kwa kutumia mkono wa kushoto, alikuwa ameketi, ameondolewa na kurudi. Na Castilla, chini ya Juan II na waziri wake mwenye nguvu Álvaro de Luna, ilikuwa ikitafuta mtu wake wa kumweka Alhambra, kasri la masultani wa Granada. Mtu mmoja tu aliweza kuingia katika kambi ya mfalme wa Kikristo, akasema kwa lugha ya utoto wake, na kueleza habari za ndani za Granada kama mwenyeji: naye ni huyo mtoto wa Luque.

Tarehe 1 Julai 1431 majeshi yalikutana katika uwanda wa Granada, katika vita viitwavyo La Higueruela, na Waislamu wakashindwa. Vita hivyo vilichorwa, na zaidi ya miaka 150 baadaye mafundi wa Kitaliani walivinakili katika Ukumbi wa Vita wa kasri la El Escorial, ukuta mrefu wote ukijaa mikuki, farasi na ngao, ambapo hata leo mtu huweza kuziona kuta za Granada na wanawake wakitazama kwa mbali. Yusuf aliwekeana mkataba na Juan II wa kumtii na kumlipa, akaingia Alhambra Januari 1432, na katika miezi michache al-Aysar akarudi na akamwua. Ushindi wa Ridwan ulikuwa mfupi kiasi hicho. Lakini kizazi chake kilibaki Granada, nao hawakuwa wageni tena.

Mawaziri: 1464 hata 1489

Abu l-Hasan Ali, ambaye Wahispania wanamwita Muley Hacén, alipotawala mwaka 1464, alikuta aila kubwa ya Banu Sarraj imezoea kuweka na kuondoa masultani kama ipendavyo, na ili kuivunja nguvu aliwategemea Banu Bannigash. Abu l-Qasim Bannigash akawa waziri wake. Basi uadui wa aila mbili hizi, pamoja na mgawanyiko wa nyumbani kwa sultani mwenyewe baina ya mkewe wa kwanza na mke wa pili aliyekuwa mateka wa Kikristo, ndio uliopasua dola wakati ilipohitaji kushikamana. Maana Banu Sarraj walimfuata mwanawe sultani, Abu Abdallah, ambaye taarikhi humwita Boabdil, na Bannigash wakabaki na baba, na baada ya baba wakawa na ndugu yake, al-Zaghal.

Mambo yakaenda mbio. Alhama ilipotea mwaka 1482, na mwaka huo huo Boabdil akampindua baba yake. Mwaka 1483 akatekwa karibu na Lucena, si mbali na Luque, akaachiliwa kwa masharti yaliyomfunga. Mwaka 1487 Málaga ikaanguka. Fernando na Isabel, wafalme wa Kikatoliki waliotawala Castilla wakati huo, hawakuhitaji kuzusha fitina, zilikuwako tele, walihitaji kuzilisha tu.

Mwaka 1489 walizingira mji wa Baza, uliokuwa wa al-Zaghal. Amiri aliyeulinda alikuwa Sidi Yahya al-Nayyar, mtu wa nyumba ya kifalme ambaye nasaba za ukoo wake humhesabu mjukuu wa Yusuf yule aliyeuawa mwaka 1432, na mkewe alikuwa binti wa nyumba ya Bannigash. Mazingiwa yalianza Juni. Novemba Isabel mwenyewe aliwasili kambini, na walinzi wa kuta wakatambua kwamba adui hakukusudia kuondoka kwa ajili ya baridi. Tarehe 4 Disemba mji ulisalimu amri, na punde si punde al-Zaghal akazitoa Guadix na Almería. Wanasema Yahya alibatizwa kwa siri, ili wafuasi wake wasimtoroke kabla kazi haijakwisha. Aliitwa Pedro de Granada.

Granada Venegas: 1492 hata 1567

Granada ilipofungua milango tarehe 2 Januari 1492, wakubwa wengi walivuka bahari kwenda Fasi na Tlemcen, Boabdil naye akafuata. Mkataba uliahidi misikiti, makadhi na mila za Waislamu kuhifadhiwa. Ahadi hizo zilitimizwa miaka saba: mwaka 1499 Askofu Mkuu Cisneros alianza kubatiza watu kwa nguvu, mtaa wa Albaicín ukaasi, na katika muda wa miaka miwili mitatu Uislamu ukaharimishwa Granada. Pedro de Granada wakati huo alikuwa alguacil mayor wa mji, yaani mkuu wa askari wa sheria, cheo ambacho kilimweka pahali pagumu baina ya watu wake wa jana na mabwana wake wa leo.

Mwanawe, Alonso, ndiye anayesimama mwanzoni mwa jina lililounganishwa la Granada Venegas, na alimwoa Juana de Mendoza, mwanamke wa baraza la malkia, wa ukoo uliokuwa juu kabisa katika Castilla. Kizazi kilichofuata, Pedro wa pili, alimwoa María Rengifo, binti wa Gil Vázquez Rengifo, mlinzi wa Generalife. Ndoa hii ilileta vitu viwili. Cha kwanza ni ulinzi wa Generalife wenyewe, bustani ya masultani iliyoitwa Jannat al-Arif, ambayo Ismail I aliitengeneza upya mwaka 1319, maji ya mto Darro yakipita katikati kwa mfereji mrefu mwembamba. Hivyo wajukuu wa nyumba ya mawaziri wa Alhambra wakarudi katika bustani za Alhambra, mara hii wakiwa na vyeti vya wafalme wa Kikatoliki. Cha pili ni nyumba ya mjini iitwayo Casa de los Tiros, nyumba ya bunduki, kwa sababu ya mitutu inayochungulia juu ya paa. Uso wake umewekwa sanamu za mashujaa wa Kiyunani, na juu ya mlango umechongwa moyo na upanga, pamoja na maneno yasemayo kwamba moyo ndio unaoamuru. Kwa watu ambao wazee wao walibadili dini mara mbili, naona maneno hayo yalichaguliwa na mtu mwenye ujasiri, au mwenye mzaha.

Sheria ya majina: 1567 hata 1571

Mwaka 1567 Felipe II alitangaza sheria ya kuwaondolea Wamoriski, yaani wale waliobatizwa na vizazi vyao, kila kilichowakumbusha asili yao: lugha ya Kiarabu, waliyopewa miaka mitatu kuiacha, mavazi, hamamu, ngoma, na majina yao ya Kiarabu pamoja na majina ya koo. Mzee mmoja wa Granada, Francisco Núñez Muley, aliandika hoja za kuipinga, akauliza pamoja na mengine kwamba majina ya koo yakifutwa watu watajuaje wanafanya biashara na nani na wanaozana na nani, na nasaba kubwa zilizo sharafu ya ufalme wenyewe zitahifadhiwa na nini. Hakusikilizwa. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1568 milima ya Alpujarras iliasi, na kiongozi waliyemtawaza, ambaye kwa ubatizo aliitwa Fernando de Córdoba y Válor, kitu cha kwanza alichojivika ni jina: Muhammad ibn Umayya.

Katika vita hivyo vya kikatili nyumba ya Granada Venegas ilifanya kazi yake ya zamani. Alonso de Granada Venegas, wa kizazi kingine, alipeleka na kupokea maneno baina ya waasi na Don Juan wa Austria, jemadari wa mfalme, na mwaka 1570 alikuwa miongoni mwa walioshughulikia kusalimu amri kwa amiri wao al-Habaqui. Ibn Abbu, aliyeshika uongozi baada ya Ibn Umayya kuuawa, alimwua al-Habaqui kwa kosa hilo, na yeye mwenyewe akauawa na watu wake mwaka 1571. Wamoriski wa Granada kwa maelfu walifungwa misafara, wakatawanywa Castilla katika baridi ya Novemba ya 1570, na baina ya 1609 na 1614 karibu wote wa Uhispania wakafukuzwa, takriban watu 300,000. Nyumba ya Granada Venegas ilibaki ikilinda bustani.

Marekisi na mahakama: 1643 hata 1921

Kubaki huko kulikuwa na gharama yake, nayo ilikuwa kueleza mara kwa mara kwamba damu yao ni njema. Katika zama ambazo mtu hakupata cheo bila kuthibitisha kuwa hana wazee wa Kiislamu wala wa Kiyahudi, ukoo huu ulitungiwa nasaba ndefu ya "Nyumba ya Granada", iliyowapandisha hadi kwa Banu Hud, watawala wa Kiislamu wa Zaragoza, na kutoka kwa Banu Hud hadi kwa wafalme wa Kigothi waliokuwa Wakristo kabla ya Waarabu kuvuka mwaka 711. Hivi kwamba Yahya alipobatizwa, kwa hesabu hiyo, hakuingia dini mpya bali alirudi kwao. Msomaji wa pwani yetu, ambako kila mji mkongwe unacho kitabu chake cha nasaba, hatastaajabu. Nyumbani kwao walikusanyika washairi wa Granada, na mwaka 1643 mfalme akawapa cheo cha marekisi wa Campotéjar.

Baada ya hapo ni habari za ndoa na urithi. Cheo kilihamia kwa mabwana wa Genoa, nchi ya Italia, ambao waliitawala Generalife kupitia wasimamizi. Katika karne ya 19 serikali ya Uhispania ilidai mahakamani kwamba bustani ilikuwa mali ya ufalme na ukoo ulikuwa mlinzi tu, si mwenyewe. Daawa hiyo ilirithiwa na wana kutoka kwa baba zao kama shamba, ikaendelea karibu karne nzima, mpaka mwaka 1921 pande mbili zilipopatana, Generalife ikawa ya taifa, na Casa de los Tiros vivyo hivyo, ambayo sasa ni makumbusho.

Ng'ambo ya bahari

Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kuvuka zamani. Hernán Venegas Carrillo, mtoto wa Córdoba, alipanda mto Magdalena pamoja na Gonzalo Jiménez de Quesada katika msafara wa mwaka 1536, na nchi waliyoiteka, ambayo leo ni Kolombia, waliiita Ufalme Mpya wa Granada. Mwaka 1544 aliasisi mji wa Tocaima, na alipewa wenyeji wa Guatavita wamtumikie, watu wa ziwa lile lililozaa hekaya za dhahabu. Francisco Javier Venegas aliingia Meksiko kuwa naibu wa mfalme Septemba 1810, siku mbili kabla ya kasisi Hidalgo kupiga kengele ya uasi. Katika mji huo huo, mwishoni mwa karne, Antonio Vanegas Arroyo, kwa herufi ya a, alichapa karatasi za bei rahisi zenye mafuvu yanayocheka ya José Guadalupe Posada. Na Amerika ya Kihispania yote ikajaa watu wa jina hili, wakiliandika Venegas, Vanegas, Benegas na Banegas. Wengi wao ni kizazi cha wenyeji na watumwa waliolipokea kwa bwana au kwa msimamizi wa ubatizo.

Upande wa mashariki lilikwenda kwa umbo lake la Kireno. Wareno waliitwaa Goa mwaka 1510, na waliobatizwa huko walipewa majina ya makasisi na wasimamizi wao, Viegas likiwa mojawapo. Na Wagoa walipovuka kuja Unguja, Mombasa na Nairobi kuwa makarani, washoni, wapishi na wapiga matarumbeta wa bendi ya Sultani, walikuja nalo, likaingia katika daftari za ofisi na misa za Jumapili. Bwana Viegas wa Mombasa, basi, ukimwuliza kwao, atakutajia kijiji cha Salcete au Bardez, na kwa Egas Moniz hana uhusiano ila mstari mmoja wa wino katika kitabu cha ubatizo.